Mpanda: kutoka stesheni ya treni hadi viboko wa Mto Katuma

Msafiri anayeshuka treni ya Tabora pale Mpanda huwa amechoka, na swali lake la kwanza ni: hifadhi iko wapi? Haipo mjini. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mlango tu. Hata reli ya kutoka Kaliua haikujengwa kwa ajili ya watalii. Waingereza waliijenga kufuata madini ya risasi.

Ukitaka kuielewa safari hii, ufuate Mto Katuma. Mpanda iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini zaidi, kama mita 800. Maji ya Katuma yanateremka polepole kati ya sehemu hizo mbili. Yanapita Sitalike, penye ofisi za hifadhi, mwendo wa kama kilomita 35 kusini mwa mji. Kisha yanatawanyika kwenye mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambazo kiangazi hugeuka nyasi na tope. Mbele huko yanaitwa Kavuu, mpaka Rukwa.

Uzuri wa hifadhi uko hapo kwenye tope. Kuanzia Agosti hadi Oktoba maji yanabaki kwenye madimbwi machache, na viboko wanabanana mgongo kwa mgongo, madume yakipigana. Mamba nao huingia kwenye mapango waliyochimba kingo za mto, wakasubiri mvua. Ni watu wachache Tanzania hii waliowahi kuona jambo hilo, nasi tunaishi jirani nalo!

Lakini mto huo si wa viboko peke yao. Zamani Katuma ulitiririka mwaka mzima. Siku hizi hukauka, na sababu mojawapo ni makinga maji yanayowekwa huku juu kumwagilia mpunga. Mkulima anataka kula, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Ila maji akiyazuia yote, anayekosa si mnyama tu: Mpimbwe huko chini kuna wakulima na wafugaji wanaoungoja mto huohuo. Kwa maoni yetu, zamu za maji zingepangwa kwa kuwakalisha pamoja watu wa juu na wa chini, kabla ya kiangazi na si baada ya ugomvi.

Jina la Katavi lenyewe linatokana na Katabi, mzimu ambao Wabende wanasema anakaa kwenye mkwaju karibu na ziwa. Watu bado hupeleka sadaka. Ukifika hapo, nyamaza kidogo, usivunje tawi.

Kuhusu gharama, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo kuliko wageni wa nje, hivyo usisahau kitambulisho. Asiye na nauli ya gari la kukodi apande basi la Sumbawanga mchana, akae dirishani: barabara inakatiza ndani ya hifadhi. Nguo nyeusi na za buluu ziache nyumbani, maana mbung'o huzipenda mno, na dirisha la basi haliwazuii.