Umelipa na taa haijawaka? Ngoja kwanza

Ni saa moja jioni. Umelipia stima ya sola kwa simu, SMS ya kuthibitisha imeingia, salio limepungua, lakini dukani bado ni giza. Wateja wanasubiri, kwa hivyo unalipa tena. Hapo ndipo shilingi hamsini inageuka mia, na taa bado haiwaki.

Sola ya kijijini si ngeni Ukambani. Mwaka wa 2012, Ikisaya kule Kitui ilipata kituo cha sola cha kukodisha taa na kuchaji simu. Mwaka huo huo soko la Kitonyoni, Makueni, liliwekewa mtambo wa kilowati 13.5 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza, nyaya zikavutwa hadi madukani. Paneli zake zimekaa juu kama paa, na paa hilo hukinga maji ya mvua pia. Kwa mtu wa Ukambani, hayo maji peke yake yangetosha kuuliza bei!

Mitambo mingi ya siku hizi ina vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima chaji ya betri, umeme unaotoka kwenye paneli na matumizi ya kila mita. Vipimo hivyo husafiri kwa laini ya simu, kama hiyo yako, hadi kwenye kompyuta za kampuni ya umeme. Fundi anaweza kuwa Nairobi na akaona betri za kijijini zimeshuka.

Ukilipa, njia ni hiyo hiyo, ila sasa ujumbe unarudi kijijini. Sisi tunaijulisha kampuni kwamba pesa zimefika, nayo inatuma amri mita ifungue. Network ikiwa chini, amri inakwama njiani. Kulipa mara ya pili kunaongeza tu amri nyingine kwenye foleni.

Halafu kuna betri. Mwezi wa Julai, mawingu yakifunika Ukambani siku kadhaa, paneli huleta umeme kidogo. Betri zikishuka sana, mtambo hukata stima wenyewe ili zisiharibike. Hata ukiwa na mia tano kwenye mita, utakaa gizani. Pesa zako hazijaliwa. Zitakungoja mpaka jua litoke.

Utajuaje ni lipi? Chungulia kwa jirani. Kama naye yuko gizani, shida ni ya mtambo, kwa hivyo ipigie kampuni ya umeme. Kama kwake kunawaka, fungua SMS yako usome nambari ya akaunti polepole, tarakimu moja moja, ukiilinganisha na ya mita. Ukikosea moja tu, huenda umemlipia mtu mwingine stima. Hapo pesa ziko kwa kampuni ile ile, kwa hivyo wape nambari ya muamala iliyo kwenye SMS wazihamishe. Lakini kama uliyokosea ni nambari ya biashara yenyewe, tupigie sisi mara moja, kabla aliyezipokea hajazitoa.

Na usifute hiyo SMS. Nambari ya muamala ndiyo wahudumu watakayokuuliza. PIN hawaihitaji, kwa hivyo anayekuomba PIN ndipo “akurudishie stima”, mkatie simu.