Shamba la Mkulima Ndilo Mzani wa Mbegu

Mvua zinapokaribia, maduka ya pembejeo kuanzia Kitale hadi Mbozi hujaa mifuko ya mbegu yenye picha za mahindi yaliyosheheni punje hadi nchani, na muuzaji hutaja idadi ya magunia ambayo ekari moja inaweza kutoa. Idadi hiyo si ya uongo. Ilipatikana kwenye vituo vya utafiti na vishamba vya wataalamu, ambako palizi haichelewi, mbolea hupimwa na mbuzi wa jirani hawaingii. Lakini mnunuzi hapandi kituoni. Anapanda kwenye udongo uliochoka, kwa jembe la kuazima, pengine wiki mbili baada ya mvua ya kwanza kwa sababu vibarua walikuwa kwa mtu mwingine. Biashara ya mbegu katika Afrika Mashariki ina aina mpya za kutosha. Inachokosa ni kuzishindanisha aina hizo kwenye mashamba hayohayo, mikononi mwa wanaolima, na kuihesabu gharama ya kazi hiyo kama sehemu ya gharama ya kutengeneza mbegu.

Tazama historia ya mahindi ya Kenya. Mahuluti ya H611 yalitolewa mwaka 1964, na H614D yakafuata mwaka 1986. Zaidi ya miaka 30 baadaye, H614D yalikuwa bado yanapandwa kwa wingi nyanda za juu, ingawa aina nyingi mpya zilikuwa zimekwisha kupitishwa rasmi. Ni rahisi kusema mkulima ni mgumu wa kubadilika. Mimi naona ana hesabu kali kuliko tunavyodhani. Kuhusu H614D ana ushahidi wa misimu mingi: mwaka wa ukame ilitoa nini, mwaka wa mvua nyingi ilisimama au ililala, ghalani ilistahimili dumuzi kwa miezi mingapi. Kuhusu aina mpya ana karatasi tu. Ekari moja inameza kilo 8 hadi 10 za mbegu, na juu yake kuna mbolea, kulima na palizi. Anayeiweka chini fedha hiyo yote pamoja na chakula cha nyumba yake kwa mwaka mzima hawezi kulaumiwa kwa kudai ushahidi wa shambani.

Tena uzito wa gunia hausemi yote. Malawi ilijifunza hili kwa gharama kubwa: kwa miaka mingi mahuluti yenye punje laini yalishindwa kuenea miongoni mwa wakulima wadogo, kwa kuwa punje hizo zilipondeka ovyo kinuni, unga ukapotea na pumba, na wadudu wakazimaliza ghalani. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1990 zilipotolewa MH17 na MH18, mahuluti yenye punje ngumu kama za mahindi ya kienyeji. Akina mama waliokuwa wakitwanga kila siku walilijua jibu muda wote huo. Kwenye mpunga wa Tanzania hadithi haiko mbali. Supa ni mrefu, hulala upepo ukivuma, na mavuno yake ni haba. Hata hivyo harufu yake huupa bei sokoni, na mkulima hauachi kwa ajili ya wingi wa magunia tu. SARO 5, ambayo jina lake la kitafiti ni TXD 306, ilienea kwenye skimu za umwagiliaji kwa sababu iliongeza mavuno bila kuipoteza harufu yote. Mzani wa kituoni haupimi harufu, wala dakika ambazo maharage hukaa jikoni yakila mkaa.

Wapo wataalamu watakaouliza: takwimu gani za maana zitatoka kwenye mashamba ambayo kila moja lina mbolea yake, tarehe yake ya kupanda na magugu yake? Swali ni zito, na jibu lake limefanyiwa kazi kwa miongo. Malawi hiyohiyo, katika miaka ya 1990, ilitumia mpango wa jaribio mama na majaribio watoto: aina zote zinapandwa pamoja sehemu moja chini ya mtaalamu, kisha kila mkulima wa karibu anapewa chache za kupanda kwake kwa namna yake. Njia ya karibuni zaidi ni rahisi kuliko hiyo. Kila mkulima anapewa pakiti tatu ndogo zenye herufi badala ya majina, anazipanda bega kwa bega, halafu anasema ipi imeshinda na ipi imeshika mkia, kwa mavuno, kwa magonjwa, kwa ladha. Ulinganisho wa shamba moja ni dhaifu kweli. Ukikusanya maelfu, makosa ya mmojammoja yanamezwa, na tofauti za mashamba zilizoonekana kuwa kero zinageuka kuwa habari: aina hii hushinda usiku unapokuwa wa joto, ile hushinda kwenye unyevu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifanya hivyo kwenye vishamba 12,409 vya maharage Nicaragua na vya ngano Ethiopia na India, ukaonyesha kwamba kuchagua mbegu kwa kufuata matokeo hayo pamoja na hali ya hewa kungepunguza hatari ya mkulima kujikuta na aina isiyomfaa.

Kampuni za mbegu nazo zitasema tayari zina mashamba ya maonyesho kando ya barabara. Ni kweli, na yana kazi yake, lakini maonyesho si majaribio. Shamba la maonyesho huchaguliwa pazuri, hupewa mbolea ya bure, na mara nyingi aina ambayo mkulima amezoea haipo pembeni ili zilinganishwe. Mwenye duka hawezi kuwa mwamuzi wa mchezo anaoucheza mwenyewe. Kwa hiyo pakiti zichanganywe na kupewa herufi na mtu asiyeuza mbegu, na aina ya zamani ya mahali hapo iwemo kila mara.

Sisemi vituo vifungwe. Ugonjwa wa mnyauko hatari wa mahindi ulipoonekana Bomet mwaka 2011, kisha ukaingia Tanzania, kituo cha Naivasha kilichofunguliwa mwaka 2013 ndicho kilichowezesha kuambukiza mimea kwa makusudi na kuzichuja aina sugu. Huwezi kumwomba mkulima aambukize shamba lake. Kituo kitoe waliofuzu, shamba limpate mshindi. Wala haina maana kusubiri majaribio ya mashamba yaishe ndipo mbegu iruhusiwe, maana mkulima amekwisha kusubiri vya kutosha; yaendelee sambamba na ukaguzi rasmi, kisha yasikome mbegu ikishaingia dukani.

Nani alipe? Kampuni zichangie kwa kila aina zinayotaka ipimwe, serikali iongeze fungu kwa mazao yasiyo na mnunuzi mkubwa wa mbegu, kama mihogo na maharage, na maafisa ugani wakusanye majibu. Watafiti wa kilimo na wakaguzi wa mbegu wa serikali, yaani TARI na TOSCI kwa Tanzania, KALRO na KEPHIS kwa Kenya, wana wataalamu na mamlaka ya kuanza. Wachapishe matokeo kwa kila wilaya, kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe kwenye ukuta wa kila duka la pembejeo kabla mfuko wa kwanza haujauzwa.