Plaji ambako nguo ni hiari: mambo ya kujua kabla ya kupanda bato

Bandugu na badada, tangu niliposema katika grupu yetu kama nilifika Hanlan's Point, maulizo ni mengi. Wengine wanacheka, wengine wananiombea. Lakini dada mumoja aliyefika juzi hapa Toronto kwa masomo aliuliza ulizo la kweli: wenzake wamemualika kule. Akikataa, watamuona mushenzi? Akikubali, ni lazima avue? Namujibu hapa, juu tuko wengi tunaopita njia hiyo.

Toronto iko pembeni ya ziwa Ontario, na mbele ya muji kuko visiwa. Unapanda bato karibu na yale majumba marefu, na kisha dakika kama 15 unashuka Hanlan's Point. Plaji iko upande wa mangaribi, karibu na kiwanja kidogo cha ndege. Mayi hayana chumvi, kama Kivu ao Tanganyika, lakini baridi yake!

Kanada haikuruhusu uchi kila fasi. Kifungu 174 cha sheria ya makosa kinakataza mutu kuwa uchi mbele ya watu bila sababu halali. Hapa ni muji wenyewe uliotoa ruhusa: ya majaribio mwaka 1999, ya kudumu mwaka 2002. Kuko kibao kinachokujulisha unapoingia. Ukirudi nyuma ya kibao, unavaa.

Sasa hiyo neno hiari. Wengi kwetu wanasikia "plaji ya uchi" na kufikiri kuko mutu kwenye mulango anayekusanya nguo. Hapana. Mimi nilibakia na kaputula yangu muchana muzima, hakuna aliyeniuliza. Pembeni yangu mzee mumoja na bibi yake walikuwa wanasoma vitabu vyao, hata soksi hawana. Kisha dakika kumi nilikuwa naangalia mawimbi tu. Uchi wa watu wote pamoja unachosha haraka, nawaambia kweli.

Kile wanachochunga kwa ukali ni jicho. Telefone inabakia ndani ya mufuko. Haupigi foto ya mutu asiyekuruhusu, hata kama anaonekana nyuma yako tu wakati unajipiga mwenyewe. Haukazii mutu macho, hauzunguki-zunguki kama uko sokoni. Unatandika taulo yako mbele ya kuikaa. Kwetu mutoni tulijua jambo hilo: wanaume upande wao, wanawake upande wao, na mwenye kupita njia anakohoa ao anaita, ili wanaokoga wajifunike. Hapa hakuna anayekohoa. Jicho ndilo linajifunika.

Vijana wetu, munisikie hapo. Foto moja ukiituma Bukavu "kwa kuchekesha", mbele ya jioni imezunguka grupu kumi, na sura ni ya mutu aliyekuamini.

Kwako dada: unaweza kwenda na nguo yako ya kuogelea na ukakaa nayo. Ao shukia Centre Island, kule kuko plaji ya kawaida na familia zenye kula pikiniki. Wenzako wakikulazimisha kuvua, ni wao wamevunja desturi ya pale. Uliza saa ya bato ya mwisho, na beba taulo mbili, juu upepo wa ziwa ni mukali jioni.