Vidole Vinne Chini ya Kola

Dizaini ya tisho ikichoma, wasee hulaumu vinaili, ile plastiki hubandikwa na moto. Eti ni ile ya bei ya chini, ama mashini haikuwa imeshika moto. Mara mingi vinaili haina makosa. Fundi alitandika tisho mezani, akasaka katikati, akabandika hapo. Sasa katikati ya tisho ni tumbo, buda. Ukikaa kwa mat, maandishi yote inajikunja juu ya kitovu na hakuna mtu anasoma.

Dizaini ya mbele huanzia juu. Bana vidole vinne chini ya kola, karibu inchi 3, na hapo ndio kichwa ya dizaini inaanza. Najua mezani inakaa ni ka imepanda sana. Wachana na meza. Kata karatasi saizi ya dizaini, ishikishe na selotepu, vaa tisho, jicheki kwa kioo. Karatasi ni ya bure, vinaili ikishashika haitoki.

Laini ya katikati nayo iko na ujanja wake. Wengi hukunja tisho wakifuata mishono ya kando. Kwa tisho mpya inaweza kubali. Lakini ka ulitoa mtumba ya kamera soko ya Gikosh, hiyo kitu imefuliwa mpaka mishono ikazunguka, moja imekuja mbele na ingine imeenda mgongoni. Ukiifuata, logo inakaa upande. Kunja ukilinganisha mabega na makwapa, pitisha pasi kidogo, mstari ubaki. Uzuri wa mtumba ni ilishamaliza kurudi. Tisho mpya ya pamba fua kwanza, juu kitambaa ikirudi baadaye vinaili hairudi nayo, na dizaini inabaki na mikunjo.

Saizi ndio huangusha mbogi. Mnataka tisho za shoo, mnachora “254” moja ya inchi 11, fundi anakata zote sawa. Kwa msee wa L iko fiti. Kwa dem wa S inakaribia kwapa, na kwa jitu la XXL inakaa ka stempu. Mwambie fundi akate makundi: inchi 9 hivi kwa S, 10 ama 11 kwa M na L, 12 kwa wakubwa. Mtoto, 6 ama 7 inatosha. Na usidhani kubwa ndio luku. Vinaili ni plastiki, haipumui. Ukijaza kifua yote bila nafasi, jua la saa nane litakufunza adabu. Mi napenda dizaini iko na matundu mob, kitambaa kipumue.

Logo ya upande wa moyo ni inchi 3 na nusu hadi 4, isizidi. Shuka wima kutoka pale bega inakutana na kola, vuta laini ingine mlalo kutoka kwapa. Zinapokutana ndio katikati ya logo. Ukiisukuma nje zaidi, mkono unaificha.

Huna mashini? Pasi ya nyumbani inafanya, bora uzime mvuke. Geuza dizaini kabla ya kukata, ama “254” itatokea kinyume. Weka karatasi ya kuokea juu, gandamiza sekunde 15 hivi kila sehemu, na usitelezeshe pasi vile unanyoosha shati ya shule, dizaini itahama. Mashini kwa pamba huwekwa nyuzi 150 hadi 160. Poliesta, kaa huku 130, la sivyo unaiunguza.

Hudi ni stori ingine. Mgongoni kofia inalala na kufunika juu, so anzia chini ya pale inaishia. Mbele mfuko unakula nafasi, punguza kimo. Alafu zipu na mishono minene huinua mashini, pembe za dizaini zinakosa moto. Ingiza kitambaa kilichokunjwa ndani, chini ya ile sehemu unachapa tu, ipande juu ya mishono ndio ugandamize.