Wimbo Umekamilika, Sasa Utoke Vipi?

Kijana wa Mangobo au Makiso hapa Kisangani, akiwa na laptopu, programu ya FL Studio na hedifoni, anaweza kutengeneza muziki wa elektroniki chumbani kwake, mradi umeme usikatike. Kibarua huanza wimbo ukishakamilika: autoe mwenyewe au atafute lebo?

Kutoa mwenyewe ni rahisi. Kampuni za usambazaji kama DistroKid na TuneCore hufikisha wimbo Spotify na Apple Music kwa ada. Lakini tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haukuchezwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Faida ya lebo ni kwamba ina wasikilizaji, waandishi na waandaaji wa matamasha wanaoiamini tayari.

Ukichagua lebo, anza na za jirani. Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyozaliwa 2016, ilitoa mwaka uliofuata Sounds of Sisso, mkusanyo wa muziki wa singeli kutoka studio ya uswahilini Dar es Salaam. Rey Sapienz, mtoto wa Bunia, alihamia Kampala, akashiriki kuanzisha lebo dada ya Hakuna Kulala, na 2021 akatoa albamu Na Zala Zala. Singeli hupita midundo 200 kwa dakika, na kasi hiyo ndiyo iliyowashangaza wageni. Kwa hiyo usijisumbue kuiga tekno ya Berlin, wenyewe wa huko wanayo tele.

Itumie lebo nyimbo tatu ambazo hazijatoka popote, kwa kiungo kimoja kinachofunguka bila kupakua. WAV ya dakika nne hula takriban MB 42, MP3 ya kbps 320 haifiki MB 10; mega zako zitunze, WAV itasubiri mkataba. Barua iwe ya mistari mitano: wewe nani, uko wapi, unapiga nini, na ni kazi gani ya lebo hiyo iliyokufanya uwaandikie.

Wengi huumia kwenye haki. Mali bila daftari hupotea bila habari: kabla ya kutuma, andikianeni nani kaimba, nani kapiga gitaa, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Kipande ulichokata kwenye rekodi ya mtu kiombee ruhusa au kitoe. Kumbuka pia wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, yaani masta. Utunzi usajili SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo. Masta ukiiuza imekwenda. Ukiitoa kwa leseni ya miaka kadhaa, muda ukiisha inarudi mikononi mwako. Lebo ndogo nyingi hugawana faida nusu kwa nusu baada ya gharama, kwa hiyo uliza gharama zipi, nani anazithibitisha, na pesa zitakufikiaje Kisangani. Yote hayo yaandikwe kabla hujasaini.

Wenye lebo wasipojibu, wakumbushe mara moja baada ya mwezi, kisha wapelekee wengine. Mkataba mbaya utakufunga kwa miaka; kimya chao hakikuzuii kuutoa wimbo mwenyewe.