Picha Tatu kwa Siku

"Mwalimu, mwanangu hatulii hata kidogo," mama mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura, aliniambia. "Ukimwona katulia, ujue ana simu yangu." Mtoto ana miaka 9, kusoma kunamshinda, na jina la mjinga ameshalizoea. Nilimsihi mama asimnyang'anye simu, ila ampe kazi nyingine ya kufanya nayo.

Baadhi ya watoto wenye ulemavu wa kujifunza hawakosi umakini. Kinachowaelemea ni kuchagua. Katika madarasa yetu yaliyojaa, sauti ya mwalimu, honi ya pikipiki barabarani na daftari la jirani vyote huwajia kwa nguvu ileile. Tena kumbukumbu ya muda mfupi, inayoshika agizo la kwanza huku la pili likisikilizwa, kwao hujaa upesi. Ukimkemea "kuwa makini!" hujamwonyesha atazame wapi.

Kamera humwonyesha. Kioo cha simu kina kingo nne, na mtoto ndiye anayeamua nini kiingie na nini kibaki nje. Kupiga picha pia ni kazi ya mwili mzima: viwiko vibane mbavu, pumzi ishikwe, kidole kiguse taratibu. Mkono ukitikisika picha hutoka na ukungu, naye huona kosa papo hapo bila mtu kumgombeza.

Siku ya kwanza mtoto yule alipiga picha kama 40 kwa dakika chache, na hakuna aliyoikumbuka. Tukaweka sharti: kitu kimoja, picha tatu tu. Akachagua mukeke, samaki ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, aliyelala kwenye sinia la bibi yake. Akampiga kwa mbali, akampiga kwa karibu, kisha jicho peke yake. Kwa picha hiyo ya tatu aliinama kitambo kirefu. Akafukuza nzi, akahama upande ili kivuli chake kisimzibe. Tulipoketi kutazama, sikumuuliza "hii ni nini?" Nilimuuliza ameona nini ambacho mimi sikukiona. Akajibu: "Ndani ya jicho kuna mlango." Kweli, mlango wa uani ulikuwa umeng'aa humo. Tukaiandika sentensi hiyo chini ya picha, naye akaisoma mara nne bila kusukumwa.

Njia hii ina wazee wake. Mpigapicha wa Marekani, Wendy Ewald, aliwapa kamera watoto wa milima ya Kentucky tangu miaka ya 1970 na kuwafanya waandike kutokana na picha zao. Baadaye kazi hiyo ilifika hadi shule za Arusha. Wao walihitaji kamera na filamu. Sisi simu tunayo.

Kwanza, hata hivyo, mtoto apimwe macho na masikio, maana wengine huitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Picha haiondoi ulemavu wala haichukui nafasi ya mwalimu. Mfundishe kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na picha zake yeye usizitupe kwenye makundi ya WhatsApp.

Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na bado wazazi wengi wanahangaika peke yao. Basi mzazi mwenzangu, leo jioni zima data, mpe mwanao simu, mwambie picha tatu. Kisha keti naye mzitazame pamoja. Dakika 10 zinatosha.