Mwakinyo: Ngumi Moja Haijengi Nyumba

Hebu jiulize: wewe na mwenzi wako mnaweza kuishi kwa kazi inayolipa vizuri leo, kisha ikanyamaza miezi sita? Hayo ndiyo maisha ya bondia wa kulipwa. Mshahara wa mwisho wa mwezi hana. Analipwa akipanda ulingoni, basi. Pambano likiahirishwa, kodi ya nyumba haiahirishwi. Kijana wa Tanga, Hassan Mwakinyo, ni mfano mzuri wa safari hiyo ya kupanda na kushuka.

Aliyeitwa kuziba pengo

Tanga imezoea kusifiwa kwa soka. Coastal Union walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, na vijiweni bado wanasimuliana. Kwa hiyo Septemba 8, 2018, si wengi nchini waliokuwa wanafuatilia ngumi za Birmingham, Uingereza. Nyota wa usiku ule alikuwa Amir Khan. Mwakinyo aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo, apambane na Sam Eggington katika mapambano ya utangulizi.

Eggington si mtu wa mchezo. Mwaka 2017 alimpiga Paulie Malignaggi, bingwa wa zamani wa dunia, na Birmingham ni jirani na kwao. Hesabu ilikuwa rahisi: mgeni aje, apigwe, arudi kwao.

Raundi ya pili hesabu ikavurugika. Mwakinyo alimpata, akaona mwenzake ameyumba, akammiminia ngumi mfululizo mpaka mwamuzi akaingilia kati. Mji wa "waja leo, waondoka leo" ukawa umepata staa mpya. Kwenye orodha ya mtandao wa BoxRec, jamaa alitoka nje ya mabondia 100 bora wa uzito wake, akaingia ndani ya 20 bora.

Baada ya makofi

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani ukishatoka, umetoka! Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Machi 2019 alimsimamisha Muargentina Sergio Gonzalez jijini Nairobi. Novemba mwaka huohuo, Dar es Salaam, Mfilipino Arnel Tinampay alimtoa jasho raundi zote 10, na ushindi ukaja kwa pointi. Septemba 2021 alimmaliza Mnamibia Julius Indongo katika raundi ya nne. Huyo Indongo aliwahi kushika mikanda miwili mikubwa ya dunia kabla ya kupigwa na Terence Crawford mwaka 2017.

Kisha ikaja Liverpool, Septemba 3, 2022. Mbele ya Liam Smith, Mwakinyo aliishia raundi ya nne, mguu ukimsumbua. Alieleza kwamba begi lake lilipotea safarini na viatu alivyovaa havikumfaa. Mitandaoni hawakutaka kusikia. Walewale waliomwita shujaa walimgeuza kichekesho.

Mambo hayakuishia hapo. Oktoba 2023 kamisheni ya ngumi za kulipwa nchini ilimfungia mwaka mmoja kwa kutopanda ulingoni katika pambano lililokwisha kutangazwa. Hata hivyo, Januari 2024 alipigana Zanzibar, ambako mchezo huo ulikuwa umeruhusiwa tena baada ya marufuku ya miongo mingi, akamshinda Mghana Elvis Ahorgah.

Tunajifunza nini wawili sisi?

Kwanza, simu ya bahati haikupi muda wa kujiandaa. Aliyeitwa Birmingham dakika za mwisho angekuwa ameacha mazoezi, tungekuwa hatumjui. Kama unasubiri kazi au tenda, jiweke tayari kabla simu haijaita.

Pili, pesa za mkupuo zina mtego. Mwenzio akilipwa kwa dili, kaeni chini mapema: kiasi gani ni cha leo, na kiasi gani ni cha miezi ya ukame? Msisubiri kuulizana wakati mfuko umeshatoboka.

Tatu, na hili ni zito: siku ya Birmingham kila mtu ni rafiki yako. Mwenzi anapimwa siku ya Liverpool, umerudi nyumbani umeshindwa na simu imejaa matusi. Siku hiyo hahitaji mchambuzi wa ngumi. Anahitaji chakula cha moto, mtu wa kumsikiliza, na kesho yake mtu wa kumwambia ukweli bila kumdhalilisha.

Je, wewe ungekuwa mpenzi wa usiku upi?